Benchi la Baba Yako

Mwanangu Zuhura,

Salamu sikuandikii. Tangu asubuhi umeniamkia mara tatu na mara zote nimekuitikia, na ile ya tatu ulikuwa unataka ufunguo wa kabati tu. Niulize nini tena hali yako, nawe uko chumba cha pili unapakwa hina ya kupelekwa kesho Dar kwa mumeo na kucheka mpaka ukuta unatikisika? Nimejifungia humu baada ya sala ya alasiri, nikawaambia shangazi zako kichwa kinaniuma. Wameamini upesi, maana wanapenda kuamini kwamba mimi nina maringo.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ungenijibu kabla hujamaliza kusoma. Nawajua nyinyi, mtu anaandikiwa habari ya msiba anajibu kwa kidole gumba. Barua hii nitaitia kwenye zile doti mbili za kanga ulizokunjiwa, ukifungua begi huko Dar utaikuta.

Mambo ya jikoni simo, na ya chumbani simo zaidi. Hayo somo yako Bi Tatu amekufunda siku saba, na kwa vicheko nilivyovisikia mlangoni, nadhani umehitimu. Mimi nataka habari ya Jumatano.

Jumatano mumeo Kassimu, mume wa siku tano, alikuja kula chakula cha mchana na shangazi yake wa Kerege. Unajua mimi watu wa Kerege nawaonaje. Watu waliokulia kando ya lami wakihesabu magari ya wenzao, kisha wakajiona wana mji. Lakini kijana ana adabu. Alikula kwa staha, akanawa, akakushukuru wewe wakati wali nimepika mimi, kisha akapata ushujaa akasema mbele ya watu wote: "Zuhura, mimi Jumapili huwa nakwenda bustanini. Nakaa tu, napumzika. Tutakuwa tunakwenda wote."

Wewe ukavuta mdomo. "Bustanini? Tukakae kwenye majani kama mbuzi? Mimi nimetoka nyumba yenye baraza, bwana."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Shangazi yake nusura amwage juisi. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Kassimu naye akacheka, kisha akaanza kuizungusha glasi yake mezani, akiitazama kana kwamba ina maandishi. Baba yako hakucheka. Aliinuka akaenda uani. Hukumwona, na sikulaumu, hakuna amwonaye baba yako akiondoka mahali.

Maneno yale ni yangu, Zuhura. Hukuyatunga wewe. Umeyasikia kwangu tangu unanyonya: mimi si mbuzi nikakae kwenye majani, mimi nimeolewa nyumba yenye baraza. Nimeyasema kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye foleni ya maji, na kila mara watu wamecheka, na karibu kila mara baba yako alikuwapo. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Nilipokutazama Jumatano ukivuta ule mdomo, niliuona mdomo wangu wenyewe, na haukunipendeza.

Usidhani nimegeuka sasa nazipenda bustani. Bado nazidharau. Mtu wa Dar anakata mti alioupanda babu yake, anamwaga zege uwanja mzima apate kuegesha gari, halafu Jumapili anavaa miwani ya jua anakwenda kutafuta kivuli cha serikali. Akifika anakuta kibao kinamwambia asikanyage majani. Basi anasimama pembeni anayatazama, kama mtu aliyealikwa karamu akaambiwa anuse tu. Na yupo mlinzi mwenye filimbi, ambaye nyumbani kwake hata kuku hawamsikii, anampulizia mtoto wa miaka mitatu aliyeufuata mpira. Jumamosi wanakuja maharusi na matarumbeta yao. Bibi harusi anaambiwa aegemee mti asioujua jina, bwana harusi ashike ua lisilo lake, wapambe wanapangwa kwa urefu, picha zikishapigwa wanarudi kwenye magari na hakuna aliyeketi hata kufunga kamba ya kiatu. Siku hizi hata harusi haihitajiki. Kila mmoja anajipiga picha mwenyewe, uso kwa simu, mgongo kwa maua. Wanavuka mji mzima kwenda kuyapa maua mgongo.

Hayo nayaamini mpaka leo na utanizika nayo. Ila kuna mtu mmoja ambaye sikuwa na haki ya kumtia kwenye kundi hilo.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tulikuwa tumepanga Ilala, nyumba ya wapangaji sita, choo kimoja, na dirisha letu lilitazama korido, kwa hiyo lilikuwa dirisha la kupitishia harufu za vitunguu vya watu. Baba yako aliuza mabati na misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa miguu yake miwili, bila kiti. Jumapili alikuwa hana pa kwenda. Mwanamume wa kwetu Dunda, Bagamoyo, unamjua, hakuzaliwa kukaa ndani mchana. Anatoka, anakaa barazani kwake, anayepita anamsalimia, asiyepita anaulizwa kwa nini leo hakupita. Kule Ilala nje ya mlango palikuwa na mtaro wa maji machafu na masufuria ya wapangaji.

Akaanza kutoka kila Jumapili baada ya adhuhuri. Nikimuuliza anakwenda wapi, anasema bustanini, kupunga upepo. Mara mbili aliniambia twende wote. Mara ya kwanza nikamjibu kwa yale maneno ya mbuzi, na ndipo yalipozaliwa. Mara ya pili sikumjibu kabisa, nilimtazama tu, na wewe unajua nikitazama. Hakurudia.

Nikaingiwa na shaka. Upepo gani huo unaompa mtu uso mwepesi mpaka Jumanne? Nikaona hapana, hapa pana mwanamke. Nikaazima nikabu ya jirani yangu, Mama Saumu, maana mimi buibui nilivaa lakini uso sikufunika, nikamfuata kwa mbali kama askari kanzu. Cheka ukitaka. Mjukuu wa watu wakubwa wa Bagamoyo, nimejificha nyuma ya mti wa mkungu, jasho linanitoka, namvizia muuza misumari.

Alipofika kwenye benchi lake, nikatoka mtini nikakaa la pili, hatua tatu kutoka hapo. Alitoa leso mfukoni, akalipangusa benchi pande zote mbili, akaketi mwisho kabisa, upande wa kushoto. Nikajua mara moja anachofanya. Alikaa kama baba yake alivyokaa barazani Dunda, penye mlango, nafasi iliyobaki ya wageni. Na wageni wakaja! Akaja mwashi mmoja wa Zinga, akaja mng'arisha viatu na kisanduku chake, akaja muuza kahawa na birika. Baba yako akamuuliza kila mmoja habari za nyumbani, mtoto amepona, mvua imenyesha kwenu, bibi anaonaje macho. Muuza kahawa akaleta vikombe na kashata. Mwashi akasema jambo, sikulisikia, na baba yako akacheka.

Nilikuwa sijausikia ule mcheko tangu tuhamie Dar. Ningemkuta na mwanamke, ningejua la kufanya, na angenikoma. Lakini kumkuta anacheka na mng'arisha viatu, na kwangu analeta nyumbani kimya na harufu ya mabati, hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Kisha mng'arisha viatu akataka kuketi pale karibu naye. Baba yako akaweka mkono. "Samahani ndugu yangu, hapo pana mtu."

"Nani, bwana?"

"Mke wangu. Atakuja."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nikadhani ni majivuno.

Mwanangu, mtu mwenye akili angefunua uso akaenda kuketi. Mimi nilipandwa na hasira. Niliona amenitaja. Mke wa nyumba ya Dunda anatajwa bustanini, mbele ya wang'arisha viatu, kana kwamba ni kifurushi kinachosubiriwa! Na chini ya hasira palikuwa na aibu, kwa sababu nimemvizia mtu asiye na kosa, na mimi sijui kusema nimekosa. Mpaka leo sijajua vizuri, ndiyo maana umesoma kurasa zote hizi hujakutana na neno lenyewe. Nikainuka nikaondoka kwa upande wa pili.

Wiki ile ile nikaja Dunda nikamshtaki kwa kaka yake. Ndivyo tulivyofundwa, mke hagombani na mume, anampeleka kwa wakubwa zake. Nikamwambia baba yako mkubwa Mbwana kwamba ndugu yake anakaa bustanini na wahuni. Wahuni, ndivyo nilivyosema. Mwashi wa Zinga, muuza kahawa na mng'arisha viatu.

Baba yako mkubwa unamjua. Ni mtu ambaye kazi yake kubwa duniani ni kukalia mawe aliyoyajenga mwingine. Akaja Dar na mjomba wao mmoja, wamevaa kanzu na koti kwenye joto lile, wakaketi juu ya kitanda chetu kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na hakikuwatosha kwa heshima. Baba yako akabaki amesimama, kama dukani.

"Sisi tuna baraza ya mawe," Mbwana akasema. "Watu wametoka Pangani kuja kukaa pale. Wewe unakwenda kukalia mbao za manispaa?"

"Nimesikia, kaka."

"Umesikia, au umeelewa?"

"Nimeelewa, kaka."

Hakujitetea. Hakuuliza nani amepeleka maneno. Mimi nilikuwa namimina chai, na kipande kikubwa cha mkate wa kumimina nilimpa Mbwana. Nilijiona nimeshinda kesi.

Jumapili iliyofuata baba yako alilala kitandani kutwa, macho kwenye dari. Nikamwambia, leo huendi kupunga upepo? Akasema haendi. Jumapili nyingine vilevile. Sikuusikia tena ule mcheko, na haikunichukua muda kuzoea. Wewe ukazaliwa, ukaanza kutembea, tukarudi Dunda, na baraza ile ile ya mawe ipo mlangoni inamngoja. Umewahi kumwona akiikalia? Anakaa uani kwenye kigoda, amegeukia ukuta. Majirani wanasema ana kiburi. Wewe umekua ukiamini baba yako ni mtu mkimya, na siku ile shuleni uliandika hivyo hivyo, baba yangu ni mkimya, nikasoma nikatia saini. Si mkimya, Zuhura. Alikuwa mtu wa mazungumzo kuliko wote niliowajua, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Sasa ngoja nikwambie ya Jumatano jioni, wageni walipoondoka. Nilikwenda uani kuchukua kikombe chake. Akasema, bila kugeuka, "Rukia, mtoto ana ulimi wako."

Nikasema ahsante. Nilidhani ni sifa.

"Ile siku nilikuona," akasema.

"Siku gani?"

"Bustanini. Nikabu ilikuwa ya Mama Saumu. Lakini makubadhi miguuni yalikuwa yako, yale yenye uzi wa kijani. Niliyanunua mimi, nisiyajue? Nilisema vile ili usikie. Nikangoja uinuke. Zilikuwa hatua tatu tu."

Kisha akanipa kikombe, akauliza maji ya kutawadha yako wapi, akaenda msikitini.

Miaka ishirini na sita amekaa nalo. Mbwana alipokaa juu ya kitanda chetu akamtukana, yeye alikuwa anajua nani amemleta. Kila nilipowachekesha watu kwa habari ya mbuzi, alikuwa anajua kwamba nilikuwapo, na kwamba nilisikia. Nadhani angekufa nalo. Ni uso wa Kassimu ulioitoa kauli ile, ile glasi aliyokuwa akiizungusha.

Nimelia tangu Jumatano. Nakwambia kwa sababu hujapata kuniona nikilia na ungeweza kudhani siwezi. Hata hicho kichwa nilichowadanganyia shangazi zako kimeanza kuniuma kweli.

Sasa usinifanye niwe khatibu. Sikwambii upende bustani, sina uso wa kukwambia hivyo. Zidharau unavyotaka, nitakusaidia. Lakini mumeo anaishi ghorofa ya tatu, chumba na sebule, dirisha lake linatazama nguo za watu zilizoanikwa. Kutwa anatengeneza majokofu, kichwa ndani ya baridi ya vyakula vya wengine. Hana baraza huko. Kile kibenchi anachokwambia mwende ndiyo baraza yake, na alikukaribisha mbele ya watu, na wewe na mimi tukamcheka. Keshokutwa ni Jumapili. Akikwambia twende, vaa viatu uende. Asipokwambia, na mimi nahofia hatakwambia, maana hawa wakichekwa mara moja huwa hawarudii, mwambie wewe. Sema wewe kwanza, hata kama mdomo utakuwa mzito kama wangu.

Na siku ukikasirika naye, usije kumshtaki kwetu. Nikikuona kizingitini na kesi ya mahali alipokaa, nitakurudisha kabla hujavua viatu.

Limebaki moja. Jana nilimfuata baba yako uani nikamwambia, Jumapili twende Dar, tukakae kwenye ile bustani. Ilinichukua tangu alfajiri kuyapanga maneno hayo machache. Akanitazama. Akasema polepole, "Tukakae kwenye majani kama mbuzi?"

Hakucheka, na hakuwa na hasira. Aliyasema kama mtu anayerudisha chungu alichoazimwa. Kisha akaugeukia ukuta wake.

Basi nitakwenda peke yangu. Nilimpigia Kassimu nikamuuliza kuhusu bustani yake, bila kumwambia sababu, na kumbe ni ile ile. Dar haina bustani nyingi za kuchagua. Anasema mikungu imebaki mitatu, na mabenchi ya mbao yameondolewa, sasa ni ya saruji. Haidhuru, tumezoea mawe.

Nitavaa buibui na uso wazi. Nitalipangusa benchi kwa leso pande zote mbili, nitaketi mwisho, upande wa kulia, nimwachie wake wa kushoto. Nitakunywa kahawa nisiyoipenda. Nitawadharau wote watakaopita, mmoja mmoja, kwa zamu, na wale wa kupiga picha nitawadharau mara mbili. Baba yako nimemwambia saa nitakayoondoka hapa. Jumapili ijayo nitamwambia tena, na ile ya baada yake.

Ukinikuta pale na mumeo, niamkieni, kisha mpite. Tafuteni benchi lenu, bustani ni kubwa. Msije mkakaa kwangu. Hapo pana mtu.

Mama yako,
Rukia